PDF mbovu, karatasi nzima: namna ya kugundua kosa lilipo unaposkani nyumbani Bukavu

Diplôme d'État, acte de naissance, karatasi za parcelle, bulletin za watoto: kwenye nyumba nyingi za Bukavu vyote hivyo vinakaa ndani ya farde moja, juu ya kabati au chini ya godoro. Mvua ikipenya bati au moto ukizuka kwa jirani, farde hiyo haina mtetezi. Ndiyo maana kuskani si kazi ya ofisi tu. Ila PDF isiyosomeka haikuokoi na lolote, na watu wengi hugundua ubovu wake siku karatasi yenyewe imeshapotea.

Kabla ya kulaumu mashine, fanya jaribio moja la dakika mbili. Chukua karatasi nyeupe tupu, iskani. Izungushe ncha ya juu iwe chini, upande ule ule, iskani tena. Kama doa limebaki mahali pale pale kwenye picha zote mbili, liko kwenye mashine. Kama limehama pamoja na karatasi, liko kwenye karatasi. Jaribio hili linaokoa pesa nyingi, kwa sababu doa la kwenye kioo linaondoka kwa kitambaa, na watu wanauza imprimante nzima kwa ajili yake.

Mstari mwembamba toka juu hadi chini ya ukurasa

Unaonekana unapopitishia karatasi juu, kwenye sehemu inayovuta karatasi zenyewe, lakini ukilaza karatasi ile ile kwenye kioo kikubwa haupo. Hapo usisafishe kioo kikubwa, hakina kosa. Pembeni yake, mara nyingi upande wa kushoto, kuna ukanda mwembamba wa kioo wenye upana wa kidole kimoja au viwili. Karatasi inapita juu ya ukanda huo huku taa imesimama. Chembe moja tu iliyoganda hapo inapigwa picha mfululizo tangu mwanzo wa karatasi hadi mwisho, ndiyo sababu nukta ndogo kama kichwa cha sindano inakuwa mstari mrefu.

Chembe yenyewe huioni kirahisi. Washa tochi ya simu, ilaze karibu na kioo ili mwanga upite kwa ubavu, kisha angalia mahali panapolingana na mstari. Mara nyingi ni tone la wino mweupe wa kusahihishia, gundi ya karatasi ya kunata, au wino wa kalamu uliokuwa haujakauka. Zima mashine. Lowesha kidogo kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kwa maji au alkoholi ya kusafishia, usugue pale pale, ukaushe kwa kitambaa kingine. Usipulizie maji moja kwa moja kwenye kioo: yanapenya ukingoni na kubaki ndani. Tone lililokauka kabisa lisukume kwa ukucha au kadi ya plastiki, si kwa wembe.

Kama mstari unatokea hata kwenye kioo kikubwa, fungua kifuniko uangalie ukingo wa kioo pale taa inapoanzia safari yake. Kabla ya kila skani, mashine inajipima kwa ukanda mweupe uliofichwa hapo. Uchafu ukikaa juu ya sehemu hiyo, mashine inajipima vibaya na kosa linavutwa ukurasa mzima. Safisha ukingo wote, hata pale unapodhani karatasi haifiki.

Kwa wanaoishi Goma kuna tahadhari zaidi. Vumbi la kule ni la mawe ya volkano, lina makali na linakwaruza. Lipulize au lipanguse kwa brashi laini kwanza, ndipo upitishe kitambaa. Mkwaruzo kwenye ukanda ule mwembamba hausafishiki tena.

Upande mmoja unasomeka, mwingine una ukungu

Chukua acte de naissance ya zamani iliyokunjwa mara nne kwa miaka. Ukiilaza kwenye kioo, mikunjo inainuka kama vilima vidogo, na pale katikati mikunjo inapokutana mara nyingi kuna tundu. Herufi zilizogusa kioo zinatoka kali, zile za kwenye mkunjo zinafifia. Sababu iko kwenye aina ya mashine. Imprimante nyingi za nyumbani zina kihisi cha CIS, ambacho kiko karibu sana na kioo na kinaona vizuri kitu kilichokigusa tu. Milimita chache juu, tayari ni ukungu. Skana kubwa za zamani zenye kihisi cha CCD na vioo vya kuakisi zinastahimili zaidi. Ukitaka kujua yako ni ipi, weka funguo mbili tatu juu ya kioo uskani: kama ni upande unaogusa tu unaoonekana vizuri, una CIS.

Dawa ni kulainisha karatasi. Iweke kati ya karatasi mbili safi, juu yake vitabu vizito, siku moja au mbili. Msimu wa mvua, ambao hapa Bukavu unachukua karibu Septemba hadi Mei, karatasi inavuta unyevu na kujikunja, kwa hiyo iskani mara tu unapoitoa chini ya vitabu. Wakati wa kuskani unaweza kuweka kitabu cha kilo moja au mbili juu ya kifuniko. Usikandamize kwa viganja, kioo kinavunjika.

Kupiga pasi ni hatari ambayo wengi hawaijui. Risiti na bordereau nyingi zimechapwa kwenye karatasi inayoandika kwa joto, na ukiipasha inageuka nyeusi yote. Karatasi hizo pia hufifia zenyewe zikikaa, basi ziwe za kwanza kuskaniwa.

Karatasi iliyochanika usiibandike scotch. Gundi yake inageuka manjano na kula wino. Panga vipande kwenye kioo, uso chini, ufunike na karatasi nyeupe moja, kisha shusha kifuniko polepole ili upepo usivihamishe.

Ukungu wa aina nyingine unafunika ukurasa mzima asubuhi ya baridi: ni unyevu ulioganda chini ya kioo, hasa mashine ikitoka chumba baridi kwenda chenye joto. Iache kifuniko wazi kwa saa moja au zaidi kabla ya kuiwasha. Usijaribu kufungua kioo.

Muhuri umepotea, au maandishi ya nyuma yamejitokeza mbele

Umechagua nyeusi na nyeupe. Katika hali hiyo mashine inaamua kila nukta iwe nyeusi au nyeupe, hakuna katikati. Muhuri wa zambarau uliofifia unaangukia upande wa nyeupe, unatoweka. Sahihi ya kalamu ya buluu nayo inakatika vipande. Karatasi yoyote yenye muhuri, sahihi au picha ya pasipoti iskani kwa rangi, hata kama faili itakuwa kubwa. Rangi ya muhuri ni sehemu ya ushahidi, na ofisi ikipokea PDF yenye muhuri mweusi itadhani ni fotokopi ya fotokopi.

Maandishi ya nyuma yakionekana, tatizo ni kifuniko cheupe kinachorudisha mwanga kupitia karatasi nyepesi. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa. Ukurasa utatoka wa kijivu kidogo. Ongeza mwangaza kidogo kwenye mipangilio, na maandishi ya nyuma yatakuwa yamezama. Karatasi nyepesi za nakala za kaboni usizipitishe kabisa kwenye sehemu inayovuta: zinachanika ndani.

Michirizi kama mawimbi kwenye mapambo ya diplôme au kwenye picha ya gazeti hutokea kwa sababu vinukta vya uchapaji vinagongana na vinukta vya skana. Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), kisha punguza hadi 300. Kama programu yako ina chaguo la kuondoa alama za uchapaji, litumie kwa picha tu, maana hulainisha pia herufi.

Karatasi mbili zinaingia pamoja

Unyevu tena. Pepea rundo kwa kidole gumba pande zote, ligonge mezani lilingane, uweke karatasi 10 hivi, usijaze. Vigurudumu vya mpira vikiwa vinang'aa, vimeshika vumbi la karatasi: vipanguse kwa kitambaa chenye unyevu ukivizungusha kwa mkono, mashine ikiwa imezimwa. Na agrafe zote zitoke kwanza. Agrafe moja ikipita inakwaruza ule ukanda mwembamba, na unarudi kwenye tatizo la kwanza bila dawa.

Baada ya kuskani hesabu kurasa. Ni kazi ya sekunde chache, na ndiyo njia rahisi ya kugundua ukurasa uliomezwa.

Simu: kivuli, mng'ao, ukurasa uliopinda

Wengi hawana skana, wana simu, na simu inatosha kabisa kwa kurasa chache. Kwenye Android, Google Drive ina kitufe cha kuskani kinachohifadhi PDF moja kwa moja. Kwenye iPhone tumia Notes au Files. Tatizo huwa ni mwanga.

Kivuli cha mkono wako kinatokea kwa sababu taa iko juu ya kichwa chako. Sogea dirishani au mlangoni, mwanga uje kwa ubavu, lakini si jua lenyewe. Zima flashi. Usiku, tumia taa mbili, moja kila upande. Mikanda ya giza inayotembea kwenye skrini inatoka kwenye balbu ya LED ya bei ya chini inayomulika na kuzimika haraka kuliko jicho linavyoona. Badilisha balbu au subiri asubuhi.

Diplôme iliyotiwa plastiki inang'aa. Usiinamishe simu, kwani herufi zitapinda. Hamisha taa au zungusha karatasi mpaka mng'ao utoke nje ya ukurasa. Programu ikishindwa kupata kingo, ni kwa sababu karatasi nyeupe iko juu ya meza ya rangi nyepesi: tandika kitambaa cheusi au kitenge kisicho na maua mengi chini yake. Shika simu sambamba na karatasi, kama sentimita 40 juu, subiri picha iwe kali, ndipo upige. Na kabla ya yote futa lenzi. Mafuta ya vidole juu ya lenzi ndiyo chanzo cha ule weupe kama maziwa ambao watu huudhania kamera mbovu.

Kisha kuna kosa la kutuma. Picha ikipitia WhatsApp kama picha, inapunguzwa ubora. Anayeipokea na kuitengeneza PDF anaanza na kitu kilichokwisha haribika. Tengeneza PDF kwenye simu yako, uitume kama dokima, si kama foto.

Faili nzito, mega zinaisha

Hesabu yake ni rahisi ukiijua. Ukurasa wa A4 kwa dpi 300 una nukta 2480 kwa 3508, yaani karibu milioni 8.7. Kwa rangi, kila nukta inachukua baiti tatu: MB 26 kabla ya kubanwa. Kwa kijivu ni MB 8.7. Kwa nyeusi na nyeupe ni kama MB 1.1. Ukipanda hadi dpi 600 kila hesabu inazidishwa mara nne, kwa hiyo ukurasa huo wa rangi unafika MB 104. PDF hubana sana, lakini mpangilio unabaki ule ule: 600 ni nzito kuliko 300, rangi ni nzito kuliko kijivu. Mtu aliyeweka 600 "ili itoke vizuri" kwa barua ya kawaida amelipa mega nyingi zaidi bila kupata herufi moja zaidi.

Kwa maandishi ya kawaida tumia 300. Kwa barua ya kutuma tu, 200 kwa kijivu inatosha. 600 iachie picha ndogo, na maandishi madogo sana. Hifadhi nakala moja nzito nyumbani, na utengeneze nyingine nyepesi ya kutuma. Usibane nakala yako pekee. Gmail inakubali viambatisho hadi MB 25, na tovuti nyingi za maombi zina kikomo cha chini zaidi.

Kama tayari una PDF nzito na kompyuta yenye programu ya Ghostscript, amri hii, ukiiandika kwenye dirisha la amri, inashusha picha hadi dpi 150 hivi:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o nyepesi.pdf nzito.pdf

(Kwenye Windows amri inaanza na gswin64c badala ya gs.) Badala ya /ebook ukiweka /screen inashuka hadi 72, na hapo namba ndogo za muhuri hazisomeki tena. Tovuti za kubana PDF bure zinafanya kazi hiyo hiyo, lakini zinapokea nakala ya karatasi yako. Karatasi za parcelle na kitambulisho usizipeleke huko.

Umeme umerudi, kompyuta haioni tena imprimante

Hili linatokea kila wiki. Umeme unaporudi, imprimante inawaka kabla ya modem kuwa tayari. Inaomba anwani ya mtandao, hakuna wa kuijibu, inajipa anwani isiyofaa. Chapisha ukurasa wa hali ya mtandao toka kwenye menyu yake. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, ndiyo hiyo. Zima vyote. Washa modem, subiri dakika mbili, washa imprimante, mwisho kompyuta.

Kama anwani ni ya kawaida, ilinganishe na ya simu au kompyuta yako. Imprimante ikiwa na 192.168.1.20 na simu ikiwa na 192.168.43.5, ziko kwenye mitandao miwili tofauti, hata kama majina ya Wi-Fi yanafanana. Wanaotumia simu kama modem wakumbuke kwamba imprimante nyingi za nyumbani zinashika 2.4 GHz tu. Simu ikigawa mtandao kwa 5 GHz, imprimante haioni chochote. Badilisha kwenye mipangilio ya kugawa mtandao. Na kama modem inabadilisha anwani kila mara, ingia ndani yake uihifadhie imprimante anwani moja ya kudumu.

Yote yakishindikana, waya wa USB unamaliza mjadala. Skana nyembamba zisizo na waya wa umeme zinakula umeme wa USB peke yake. Zichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kwenye kigawanyio cha USB, la sivyo taa inaanza safari na kukwama katikati kwa kelele. Kelele hiyo kwenye skana ya zamani iliyotoka kusafirishwa inaweza pia kuwa kufuli la usafiri, kitufe kidogo chini au pembeni ambacho hakijafunguliwa.

Kwenye Windows, kama waya upo na bado haionekani, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, tafuta Windows Image Acquisition (WIA), uiwashe na kuiweka ijiwashe yenyewe. Kuna pia imprimante zinazokataa kuskani wino ukiisha, jambo linalokera kwani kuskani hakutumii wino. Soma ujumbe kwenye skrini yake kabla ya kufungua chochote.

Umeme unapocheza usianze kuskani kurasa 40 kwa mkupuo. Hifadhi kila baada ya kurasa 10, kisha uziunganishe.

Imehifadhi, lakini si PDF, au kurasa zimevurugika

Programu ya Windows Fax and Scan haihifadhi PDF, inatoa picha. Kubadilisha jina toka .jpg kwenda .pdf hakubadilishi kilichomo, na faili itakataa kufunguka kwa yule uliyemtumia. Weka NAPS2, ni ya bure, inaskani kurasa nyingi na kuzihifadhi kama PDF moja. Bila intaneti, chagua picha zote, bofya kulia, chagua kuchapisha, kisha Microsoft Print to PDF. Angalia mpangilio wa majina kwanza, 01, 02, 03, la sivyo kwenye programu nyingine ukurasa wa 10 unaweza kuja kabla ya wa 2.

Karatasi zilizoandikwa pande mbili na mashine ya upande mmoja: pitisha mbele zote, geuza rundo, pitisha nyuma zote. Nyuma zinatoka kinyumenyume. NAPS2 ina Alternate Interleave kwenye menyu ya kupanga upya, inayozisuka sawasawa. Ukitaka maandishi ya PDF yatafutike (programu isome herufi kwenye picha, yaani OCR), chagua lugha sahihi kabla: Kifaransa kwa karatasi za serikali, Kiswahili kwa barua za Kiswahili. Lugha ikikosewa, herufi zenye alama, kama é na ç, zinatoka takataka.

Tarakimu zilizobadilika

Agosti 2013, mtaalamu wa kompyuta Mjerumani David Kriesel alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox WorkCentre zilikuwa zinabadilisha namba zilipokuwa zinaskani: 6 ikawa 8, na vipimo vya vyumba kwenye ramani ya nyumba vikabadilika. Ukurasa haukuwa na ukungu wala doa. Njia ya kubana iitwayo JBIG2 ilikuwa inatafuta vipande vinavyofanana na kutumia kimoja mahali pa kingine. Kampuni ilitoa marekebisho ya programu. Lakini funzo linabaki kwa yeyote anayebana PDF kupita kiasi kwa nyeusi na nyeupe: namba ya parcelle, tarehe ya kuzaliwa, alama za bulletin, zilinganishe na karatasi moja moja, PDF ikiwa imekuzwa. Hii fanya siku ile ile, karatasi ikiwa bado mezani.

Faili ilikuwa kwenye flashi, sasa kuna njia za mkato tu

Umetoka secrétariat public, unafungua flashi nyumbani, unakuta alama zenye mshale mdogo. Usizibofye. Ni virusi vilivyoficha faili zako, havijazifuta. Fungua dirisha la amri, na kama flashi ni E, andika:

attrib -h -s -r /s /d E:\*.*

Faili zinarudi kuonekana. Nakili PDF zako peke yake, usinakili kitu kingine chochote, kisha safisha flashi kwa kuiformati. Ikiwa PDF ina uzito wa KB 0, mara nyingi flashi ilichomolewa kabla kuandika hakujaisha, na hapo hakuna cha kuokoa: rudi ukaskani tena. Ukiwa huko, mwambie mhudumu afute nakala iliyobaki kwenye kompyuta yake na kwenye kapu la takataka, ukiwa umesimama unaona.